Amina Iliyokatiza Maombi ya Nabwile

Mama Nyambu, unakumbuka Kimotho jirani alimuuliza Nabwile, "Siku ukisimama mbele ya serikali utaiambia nini?" Leo amesimama.

Ni ule mkutano wa usafiri, hapa kanisani Kiminini. Wakubwa wa serikali walitaka tuseme ifanyie nini utafiti kwanza miaka inayokuja: magari ya stima yasiyotumia petroli, reli, ama ndege ndogo za kubeba mizigo.

Nabwile akainuka. "Tafiteni vile mama mwenye uchungu wa kuzaa atatoka kule Ndalu siku ya mvua afike hospitali akiwa hai."

Si unajua msichana wake Phelista alifia kwa bodaboda akipelekwa hospitali, mtoto akiwa tumboni!

Mkubwa mmoja aliyevaa tai akamwambia, "Hiyo ni ya watu wa afya, mama. Wewe tufungie tu na maombi."

Nabwile akafunga macho. "Baba, ulimwona Phelista wangu, vile damu ilimwagika njiani..."

"Amina!"

Huyo mtu wa tai! Ati Amina, katikati ya maombi, Mama Nyambu! Na sisi wote, hata mimi, tukaitikia Amina.

Nabwile akafungua macho, akatuangalia mmoja mmoja. Akajifunga leso yake, akatoka.