Mto wa Nne

Makongeni, Nairobi

Kwako Baba,

Natumaini goti limetulia na unalala bila kuamshwa na maumivu. Mama aliniambia umeanza tena kwenda shambani bila fimbo, nikafurahi. Mvua imefika huko? Sisi hapa tu wazima. Jackline anakusalimu, na wajukuu wako wawili wanaendelea vizuri shuleni.

Naandika kwa sababu hupokei simu zangu tangu ndugu yangu Enos arudi huko kutoka kututembelea. Najua alichokuambia: kwamba mwanao ameacha kiwanda na sasa anashona vitambaa vya viti pamoja na akina mama. Baba, hakukuambia yote, na ningependa uyasikie kutoka kwangu.

Kiwanda sikukiacha. Kwamba nilianguka kutoka kwenye lori nikipakua magunia, mlijua. Lakini nyonga ilipopona hawakuwa tena na kazi ya mtu asiyeweza kubeba, na hilo sikuwaambia. Niliona haya. Nilikaa miezi minne nyumbani nikitazama ukuta.

Jirani yetu Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyezaliwa Majengo, hushona mito ya viti kwa mkono, kwa mshono unaoitwa bargello. Siku moja alikuja kumtafuta Jackline, akanikuta peke yangu. Akaniwekea mapajani kitambaa kigumu chenye matundu madogo, sindano butu na uzi wa sweta.

"Baba Mercy, kuhesabu unajua?"

Nikasema najua.

"Basi hesabu. Huo ukuta hauna kazi ya kukupa."

Kazi yenyewe ni hesabu kweli. Kila mshono unasimama wima na kuruka matundu manne, na unaofuata unapanda au kushuka mawili, mpaka yatokee mawimbi. Mstari wa kwanza ndio unaochora milima na mabonde. Mingine yote inaufuata, kila mmoja na rangi yake. Ukikosea tundu moja pale mwanzo, kosa linatembea hadi ukingoni.

Wenzangu wa kiwandani wakipita dirishani walikuwa wakipiga kelele, "Niaje, mama mito!" Mwanzoni nilifunga pazia. Siku hizi nawajibu tu poa, naendelea kuhesabu.

Miezi mitatu iliyopita nilipata kazi ya kwanza ya mchoro wangu mwenyewe. Mama mmoja wa Komarock alitaka mito minne kabla ya wageni kuja kumposa bintiye. Alipofika kwetu aliuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akaitazama mikono yangu, kisha akaketi. Nilimchorea kwenye daftari la hesabu lenye miraba: kijani cha majani ya chai, kikififia hadi rangi ya nyasi kavu, kama shamba letu linavyoonekana ukiwa kilimani kwenye kanisa. Akaupenda.

Siku tatu kabla ya wageni niliipanga mito yote kitandani. Wa nne haukuwa sawa. Nilikuwa nimeruka tundu moja katikati, na mawimbi ya kulia yalikaa chini kidogo kuliko ya kushoto.

"Hakuna atakayeona," Jackline alisema. "Wageni wataukalia, hawataupima."

Nilimpigia yule mama simu nikamweleza. Alikasirika sana. "Lete yote minne! Unataka niaibike mbele ya wageni?" Nilimpelekea mitatu, nikaomba msamaha mlangoni. Hakunikaribisha ndani.

Nilifumua siku mbili, uzi mmoja mmoja, nikaanza upya. Nilipochoka nilikuona wewe zamani zile, ukimjengea shangazi Rasoa jiko, ukibomoa ukuta uliokuwa umefika kiunoni kwa sababu kona moja ilikuwa imelala. Shangazi alilia kwamba mvua inakuja. Ukamwambia, "Wewe utauona ukuta. Mimi kila nikija nitaiona ile kona." Mimi ndiye niliyekuwa nakuchanganyia udongo, na nilikukasirikia mpaka jioni.

Baada ya wiki mbili nilimpelekea mto wake. Aliipanga minne kwenye kochi, akarudi nyuma.

"Huu mpya ni upi?"

Nikamwonyesha.

"Mbona sioni tofauti?"

"Hiyo ndiyo kazi niliyofanya, mama."

Akacheka, akaniletea chai. Bintiye ameniomba nishone mito ya nyumba yao, na nimeshaanza mchoro.

Baba, sikuandika ili unisifu. Enos anasema nafanya kazi ya akina mama. Mimi naona nafanya kazi yako, ila kwa uzi. Ukiona sivyo, uniambie; nitakupigia Jumapili mkitoka kanisani. Unigombeze ukitaka, lakini upokee.

Msalimie Mama, na shangazi Rasoa, na mchungaji aliyeniombea nilipoanguka. Enos naye msalimie, simchukii.

Ni mimi mwanao,
Wycliffe