Mfumo wa Tatu kwenye Kompyuta ya Baba

Shoga, hebu sikia haya.

Si nilikwambia naweka mfumo wa Linux pembeni ya ule wa Windows kwenye ile kompyuta kuukuu ya marehemu baba? Mchana huu nimemaliza, nikaiwasha upya. Ikaleta orodha ya mifumo ya kuchagua. Mitatu! Mmoja niliukuta, mmoja nimeuweka mimi. Wa tatu umetoka wapi?

Nikaufungua. Ukataka neno la siri. Mama alikuwa nyuma yangu anakunja nguo. Bila hata kuinua kichwa akasema, "Andika jina lako."

Jina langu, shoga. Ukafunguka!!

Ndani mna picha tu. Katoto ka kike, sura yangu kabisa. Kila picha ina jina langu, ila tarehe ni za kabla sijazaliwa.

"Mama, huyu nani?"

"Dada yako. Alikufa. Baba yako akazificha picha zake humo. Ulipozaliwa tukakupa jina lake."

Mimi, niliyejijua mtoto wa pekee!

Nikakimbilia uani. Sasa hivi nimesikia mama anaita jina langu, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia. Nikarudi mpaka mlangoni.

Amekaa kwenye kiti changu, kiganja juu ya kioo cha kompyuta. Hakuwa ananiita mimi.