Jodari Uliyemwacha Baharini

Mpendwa Papa Furaha,

Nyumba yetu ya Ibanda imekuwa kimya tangu tulipokuzika. Kutwa nzima nazungumza na wewe kichwani, basi leo nimeona bora niandike.

Nafikiria safari yetu ya Moanda. Hapa Bukavu wenzako wote wa benki walijua unavyopenda kuvua. Jumapili baada ya misa ulikuwa unashuka ziwani, unarudi na samaki wadogo ambao mama yako aliwacheka. Ndipo rafiki yako wa shule, aliyekuwa anafanya kazi Moanda, kule mwisho wa Zaïre kwenye bahari, akakualika kwenye boti inayoingia mbali kwa siku kadhaa kutafuta jodari wakubwa, wale wenye mapezi ya njano. Ulikataa kwenda bila mimi. Mtoto wetu Furaha tukamwacha kwa mama yako kijijini Katana, tukapanda ndege uwanja wa Kavumu.

Nilianza kutapika mara tu pwani ilipopotea machoni. Ulinishika kichwa, ukaniomba msamaha kana kwamba ni wewe unayeyatikisa maji. Kisha asubuhi moja tukaona ndege wakijitupa baharini, na mshipi wako ukavutwa kwa nguvu, nusura uanguke. Ulipigana na yule samaki mpaka jua likawa utosini. Viganja vilichubuka. Rafiki yako alitaka baharia akupokee, ukakataa. Mwishowe tukamwona chini ya boti, mrefu kama mtu, mapezi yakimeremeta, anazunguka polepole kwa kuchoka.

Hapo nahodha akaja kutoka kwenye chumba cha redio. Alisema mama yako amelazwa hospitali ya Katana, hali ni mbaya, anakuulizia. Rafiki yako akasema bado kidogo tu, samaki amekwisha choka. Wewe ukanitazama mimi.

"Mama iko naniita," ulisema, "na miye niko huku napigana na samaki."

Ukaomba kisu, ukaukata mshipi, ukamwambia nahodha ageuze boti.

Kinshasa tulikwama, ndege haikuwa na mafuta, na wewe chakula kilikushinda. Kutoka Kavumu tulikwenda moja kwa moja Katana. Tulipoingia hospitali tulimkuta mama yako ameketi kitandani anakunywa uji, Furaha amemwegemea.

"Nani aliwasumbua?" aliuliza. "Miye niko muzima."

Ulicheka. Halafu ukakaa sakafuni ukalia, na mpaka leo sijui ni kwa sababu ya mama yako tu, au na yule samaki pia.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sisi kila likizo tulisema mwaka kesho tutarudi Moanda. Rafiki yako akahamishwa, ndege zikawa za kubahatisha, kisha moyo wako ukaanza kukusumbua. Mwaka kesho haukufika, na hilo linanichoma.

Kwenye matanga watu walikusifu kwa kazi, kwa kanisa, kwa upole. Safari ile hakuna aliyeitaja. Pale kwenye boti ndipo nilipojua nimeolewa na mtu wa namna gani. Nilitaka kukuambia, nikaona haya mbele ya mabaharia. Baadaye nikadhani muda upo.

Ubaki na amani, mume wangu.

Mimi mke wako,
Maman Furaha