Dada ya Komanda Safari

Kaka yangu,

Unisamehe. Barua yako ilinifikia wakati maharagi yalikuwa bado maua, na leo tumekwisha kuyavuna, kuyapiga, na mengine tumekwisha kuyakula. Si kwamba nilikusahau. Mara mbili nilianza kuandika, mutoto akalia, karatasi ikabaki juu ya meza mupaka Furaha akachora kuku juu yake. Lakini sababu ya kweli ni ingine. Nilitaka nikuandikie siku nitakuwa na kintu cha kukuambia, si malalamiko tu. Na kwa simu hapana. Hapa Kingi lazima upande mulima kutafuta rezo ya simu, na ukiipata, wewe unanikata kila neno la tatu. Barua haikatwe. Utaisoma yote, hata pale hutapenda.

Neno lenyewe ni hili: Baba mudogo anataka kunichukulia piki yako, ile pikipiki uliniachia, amupatie mutoto wake. Anasema kintu cha mwanaume aliye safarini kinalindwa na ndugu ya baba yake, na kwamba mwanamuke juu ya piki ni haya kwa jamaa. Mimi nimekataa. Sasa nakueleza juu ya nini nimekataa, na inaanzia mbali kidogo, kwa ile sale ya video ya Mushaki.

Unaikumbuka? Ile nyumba ya mbao nyuma ya soko, wenye kuuza maziwa walikuwa wanapanga vidumu vyao mulangoni, harufu ya maziwa na ya jenereta inachanganyika. Filamu zilikuja kwa luga ambayo hakuna muntu aliijua. Watu hawakuja kwa picha tu, walikuja kwa musimulizi, na musimulizi ulikuwa wewe, umesimama kando ya televizyo na kijiti mukononi kama mwalimu.

Halafu ikakuja ile ya vipande vipande, ya polisi mwenye roboti. Muji mukubwa wa miaka inayokuja, nyumba zinagusa mawingu, na polisi kijana anakaa ndani ya kifua cha roboti ya chuma, urefu wa kanisa, anaiendesha kwa mikono na miguu. Kofia yake ilifunika uso wote. Sauti yake ilipita kwa redio, ikikwaruza. Wewe hukupoteza wakati. Ulituambia huyo njo Komanda Safari, mutoto wa mujane, bado hajaoa. Ulimupatia hata kijiji na kanisa anakosalia. Kwa vipande vitano sale nzima ilikuwa ya Komanda Safari. Wasichana walimutaka. Muzee moja mwenye ng'ombe alisema kijana kama huyo angemupatia binti yake bila kumuomba hata ndama.

Kipande cha sita, roboti ikaanguka mutoni, muguu ukavunjika. Kifua kikafunguka, Komanda akatoka, akavua kofia. Nywele zikashuka mupaka mugongoni. Ilikuwa sura ya musichana, mudogo kuliko mimi pengine.

Sale nzima ikageuza macho kwako. Halafu muuza maziwa moja akauliza, polepole, kama muntu anayetaka tu kujua:

"Musimulizi, huyu Komanda wako ananyonyesha?"

Watu walicheka mupaka benchi moja ikavunjika. Na wewe, Kaka, hukukubali kwamba ulikosea. Uliinua kijiti chako, ukangoja kelele ipunguke, ukasema: "Mutulie. Komanda Safari amesafiri. Huyu ni dada yake, ameachiwa mashini."

Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mimba ya Furaha, nimeacha masomo mwaka wa ine wa sekondari, na wote pale sale walijua. Nilikuwa naangalia yule musichana. Alisimama ndani ya maji mupaka kiunoni, peke yake, ufunguo wa kukaza buloni mukononi, anatafuta pale muguu ulikatika. Hakulia, hakuita muntu. Alitafuta tu, na mukono wake ulijua pa kutafuta. Hapo na wewe ulishusha kijiti. Ni mara moja tu katika maisha yako uliacha filamu ijisemee.

Tukirudi nyumbani nilikuuliza kwa nini hukusema tu kwamba ulikosea. Ukanijibu kwamba musimulizi hakosei, filamu njo inakosea. Nikakupiga na kandambili.

Tangia siku ile sikusikiliza tena hadisi zako. Niliangalia mikono ya yule musichana. Na niliona kintu ambacho wewe hukusimulia: roboti yake ilikuwa ya zamani, ilikohoa asubui kabla ya kuwaka, wenzake walikuwa na mupya. Kila mara mukubwa wake alimuacha nyuma, abaki garaji aoshe mashini. Yeye akaosha. Na kwa kuosha njo alijua kila buloni. Siku wengine walikwama, yeye hakukwama. Hakukuwa na maajabu mengine pale, hata kama vipande vyote vilikuwa na moto na vioo vinavyovunjika.

Siku ulienda Kisangani kutumika kwa garaji, ulinipatia mimi ufunguo wa piki. Baba mudogo alikuwa amesimama pale pale, na ulinipatia mimi. Uliniambia niiwashe kila Jumamosi isikufe, nifute buji, ile plagi ya kuwasha, niangalie mafuta. Nilifanya hivyo. Mvua, jua, na tumbo la mutoto wa pili, kila Jumamosi niliiwasha. Baba ya watoto alikuwa amekwisha kwenda kwa machimbo kule Walikale, na mupaka leo hajatuma hata salamu. Nilikuwa na piki yako tu ya kuongea nayo.

Halafu siku ile vita ilitukimbiza Mushaki. Hilo sijakuambia lote. Baba mudogo alisema piki ibaki, ifichwe kwa majani ya migomba. Nilijua nikiiacha sitaiona tena. Nilifunga mudogo mugongoni, Furaha nikamuketisha mbele yangu, godoro nyuma, nikawasha. Kuwasha nilijua, ulinifundisha. Kutembeza hukunifundisha. Nilikanyaga vitesi ya kwanza, ile gia ya polepole, ikaingia, na sikujua kama kuna ya pili. Kaka, nilikwenda na vitesi ya kwanza toka Mushaki mupaka Kingi. Watu wa miguu walikuwa wananipita. Injini ilinuka kama sufuria ya ugali ulioungua, kila kilima nasimama naimwangia maji. Siku mbili njiani. Usifunge barua kwa hasira, bado niko naendelea.

Kufika hapa parkingi ya Kingi, motari moja, mwenye kubeba watu kwa piki, alisikiliza injini inalia, akanifuata kwa miguu, akauliza jina la mutoto, akasema:

"Mama Furaha, hiyo kintu iko na vitesi ine. Zile tatu umemuwekea nani?"

Njo huyo alinionyesha. Asubui tatu kwa kiwanja cha shule, watoto wanaimba nyuma yetu. Nilianguka mara mingi, muguu wa kushoto uko na alama ya egzozi, lile bomba la moshi. Lakini sikuanguka na muntu, hata siku moja.

Nilianza na safari fupi, magunia ya maharagi, mihogo, mama wa kwenda kliniki. Wamotari wengine walisema nitachoka. Nimechoka, ni kweli. Ninaamuka kuku bado wamelala, ninanyonyesha, ninamuachia mudogo kwa jirani, ninarudi maziwa yameloanisha blauzi. Kuchoka na kuacha si kintu moja.

Sasa kile nilitaka kukuambia. Wiki mbili zimepita, katekista wetu alipata habari mama yake amekufa Pinga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Alizunguka parkingi yote, kila motari akamuambia angoje barabara ikauke. Maiti haingoje barabara. Nilimuambia apande. Aliniangalia, akaangalia piki, akafanya alama ya musalaba, akapanda.

Tope lilifika kwa ekse, katikati ya magurudumu. Kuna daraja moja ya miti mitatu tu, juu ya muto wenye hasira, na muti wa katikati umeoza. Katekista aligusa bega langu, akasema nishuke, yeye kama mwanaume aipitishe kwa kusukuma. Hajawahi kushika piki maisha yake yote. Nilimuambia:

"Papa, shuka wewe. Piki inabaki na mimi."

Akashuka. Akatembea mbele na viatu vyake vya kanisa mukononi. Nilikaa kidogo, nikaangalia miti ile, wapi gurudumu litakwenda, wapi muguu. Nikaweka vitesi ya kwanza, ile rafiki yangu ya zamani, nikapita. Upande wa pili nilimungoja avae viatu vyake. Alipanda tu. Mbele kidogo nikasikia anaimba wimbo wa kanisa, polepole, mupaka Pinga.

Tulifika bado hawajazika. Alimuona mama yake. Na mimi nilirudi na vidumu viwili vya mawese, kabo ya ambreyaji, ile waya ya klachi, imeanza kukatika nyuzi, lakini nilirudi.

Njo kwa hiyo Baba mudogo amekasirika. Mbele, wakati nilikuwa nabeba mihogo, alicheka. Sasa katekista anaeleza watu kila Dominika mbele ya misa, na muntu wa Pinga anatuma salamu kwa "yule mama wa piki". Baba mudogo ameitisha jamaa Dominika ya mwisho wa mwezi huu. Sitamutukana. Alifika Kingi mbele yetu, akapata kijumba, akatupokea na watoto, tulilala kwake, tulikula kwake, na siku za kwanza alilala inje tupate nafasi. Ninamuheshimu. Nitapiga magoti nimusalimie, halafu nitakaa kwa kiti kama wengine, na nitasema piki haitoke.

Sikuombe ruhusa, Kaka. Nakupenda sana, siwezi kukudanganya juu ya hilo. Ungesema hapana, ningeumia, ningekuandikia barua ingine mbaya, na asubui ningewasha. Watoto hawa wawili wanakula kwa ile piki. Furaha ameanza shule, iko na kaye yake ya kuandikia na jina lake juu. Nikiiachilia, ninarudi kulima shamba la mwingine na mutoto mugongoni, na yeye atatoka shule kulinda mudogo wake. Najua njia ile. Nimeipita.

Lakini nilitaka uwe upande wangu. Nakukosa. Hapa hakuna muntu wa kusema uongo muzuri kama wewe. Kule Kisangani ule vizuri, usiongee sana na wakubwa wa garaji, na usipande piki ya muntu aliyekunywa. Furaha anauliza kama unajua bado kusimulia. Nimemujibu hilo halikutoki.

Vile ulisema kuna lori inakuja upande wetu na unaweza kutuma kifurushi, ninahitaji haya, si zaidi:

Kabo ya ambreyaji, mbili. Moja ya kufunga, moja ya kuweka.
Sheni moja, ule munyororo, na meno yake ya nyuma. Ya mbele bado nzima.
Shambrea ya nyuma, mupira wa ndani ya gurudumu, si ile ya bei ya soko inayopasuka.
Buji moja.
Viatu vya mvua, boti, namba 38. Za mwanaume hazinitoshe, usijaribu.
Karatasi ya piki yenye jina lako, ile uliondoka nayo mufukoni.
Na barua kwa Baba mudogo, ya mukono wako, ifike mbele ya ile Dominika. Usinisifu ndani yake. Andika tu kwamba piki iko yako na anayeiendesha ni mimi. Ikichelewa, haina tatizo. Alhamisi nimekwisha kukubali mizigo ya Pinga.

Ni mimi, mudogo wako,
Mama Furaha