Sikupiga Alizeti kwa Hasira

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilitaka kukurekodia sauti kwenye simu kama tulivyozoea, nikajikataza. Ukisikia sauti yangu unaanza kucheka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, halafu unajibu, "Nimekuelewa, mdogo wangu," kumbe hata hujamaliza kusikiliza. Safari hii naandika kwa kalamu, nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie. Na ukishasoma wewe, wasomee na wanafunzi wako wa huko China, maana jambo hili linawahusu na wao.

Huyu mdogo amelala mgongoni. Neema yuko hapo mlangoni anapika ugali wa udongo na kunisemesha bila kupumzika. Tangu mdogo aanze kuota meno silali usingizi wa kueleweka, kwa hiyo ukiona mahali mstari umepinda ujue nilisinzia. Lakini niko vizuri, kaka. Niko vizuri kabisa, na hilo ndilo ninalotaka uliweke kichwani kabla hatujaenda mbele.

Nimeisoma ile habari uliyonitumia, ile unayotaka kuiweka kwenye kitabu cha mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza unachowaandalia wanafunzi wako wa sekondari. Uliponiambia umechoka na habari za treni, za nyuki na za watu waliovumbua vitu, na kwamba safari hii utaandika kitu cha nyumbani, nilifurahi. Nikasema, sasa kijiji chetu, Iguguno, kitasomwa China. Sikujua kwamba Iguguno yenyewe ni mimi.

Niliisoma dukani, neno kwa neno, kamusi uliyoniachia ikiwa juu ya dumu la mafuta. Mama Salma, yule jirani yangu anayeuza kuku, akachungulia.

"Mama Neema, siku hizi unasoma Kichina?"

"Kiingereza."

"Kinasemaje?"

"Kinasema naonewa huruma."

"Na nani?"

"Na Wachina."

Alicheka mpaka kuku wake wakashtuka. "Basi waambie waache huruma, waje wanunue mafuta."

Habari yako inasema palikuwa na kaka na dada. Nyumbani uwezo ulikuwa wa kumsomesha mmoja tu. Kaka akasoma, akapata ufadhili wa kwenda mbali. Siku ya kuondoka dada akamsindikiza barabarani, basi likaondoka, dada akabaki analia kwenye vumbi. Akarudi nyumbani, akachukua fimbo, akaanza kuyapiga maua ya alizeti mpaka jua likazama. Juu umeandika kwa herufi kubwa, "Msichana Aliyebaki".

Umeandika vizuri, siwezi kukunyima hilo. Hata mimi nilianza kumsikitikia huyo dada, mpaka nilipokumbuka kuwa ndiye mimi.

Halafu yakaja maswali. Kwa nini msichana aliyapiga maua kwa fimbo? A, alikuwa anafukuza ndege. B, alikuwa anacheza. C, alikuwa na hasira kwa sababu hakuendelea na masomo. D, aliagizwa na mama yake. Na wewe kwa mkono wako ukazungushia C. Ukaniambia darasa zima wamepata. Ukaniambia wengine walitokwa na machozi, na sasa wanataka kunikusanyia zawadi. Ukanitumia na sauti ya yule binti mmoja, anaongea Kiingereza pole pole kama mtu anayevuka maji: "Dada, usihuzunike. Tafadhali usiyapige tena maua."

Watoto wa watu siwalaumu hata kidogo. Wamezaliwa ghorofani, alizeti wanaijua kwenye picha, ya njano, inacheka. Wakisoma kwamba kuna mtu anaitandika kwa fimbo lazima waone ana kisirani. Lakini wewe, kaka? Wewe ambaye makapi ya alizeti yalikuwasha shingoni tangu hujaanza shule? Wewe uandike kwamba mtu anapiga alizeti kwa hasira?

Hebu kumbuka ile likizo nilipokuwa kidato cha pili. Tumetandika turubai uani, vichwa vya alizeti vimelundikana, mimi na mama tuna fimbo, na wewe umejipa kazi ya ualimu. Ulikaa juu ya gunia, kitabu mkononi, unasoma habari kwa Kiingereza kama mtangazaji, unamtafsiria mama, kisha unatuuliza maswali. Aliyekosa anapiga, aliyepata anapumzika. Mwalimu mwenyewe hukupiga hata kichwa kimoja, na mama alikuja kuligundua hilo siku tumeshamaliza kufunga magunia.

Siku moja ilikuwa habari ya mbwa wa mkulima mmoja wa Ulaya aliyepotea akiwa anamfuata sungura. Ukauliza, kwa nini mbwa alipotea? Mama akajibu kwa Kinyiramba, hata fimbo hakuishusha, "Hawampi chakula huyo."

"Mama, haijaandikwa hivyo!"

"Sasa mbwa ameshiba, aende kumkimbiza sungura wa nini?"

"Mama, jibu limo humo humo kwenye habari. Usilitoe kichwani!"

"Basi habari yako ina njaa," mama akasema, akaendelea kupiga, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kwa mambo ya mtihani ulikuwa sahihi, na ni wewe uliyenifanya mpaka leo niweze kusoma ukurasa wa Kiingereza nikafika mwisho. Lakini hapa kwetu wawili hatubishani juu ya jibu. Wanafunzi wako wamejibu kile ulichowaandikia. Safari hii ni habari yenyewe uliyoitoa kichwani.

Ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana nusu yake hukuwepo.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka Januari, wewe ukiwa chuoni Dodoma. Nilifeli. Siku hiyo nililia, nikalia mpaka mama akachoka kunibembeleza, akaenda zake kukamua ng'ombe. Kama unatafuta kilio cha shule, ni hicho, na hakikuwa na basi. Jioni baba akaniita.

"Utarudia mtihani. Ada nitahangaika nayo mimi."

"Sirudii, baba. Naomba kile kipande cha chini, karibu na korongo."

"Cha nini?"

"Nilime alizeti. Iwe yangu."

Baba akamtazama mama kama vile mama ndiye aliyenituma. "Binti anaomba shamba. Siku ukiolewa utalikunja ulibebe?"

"Siku nikiolewa nitakurudishia. Kwa sasa nipe."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitarudia huo mtihani, na sitalalamika."

Unajua kwetu binti hapewi shamba. Baba wadogo walipopata habari walikuja wawili, wakanywa chai, wakasema maneno yao kwa mafumbo, wakaondoka. Kesho yake alfajiri baba alinipeleka kule korongoni, akatembea mpakani akiweka mawe, akanikabidhi jembe. Hakuna mzazi aliyemchagua mmoja akamwacha mwingine, kaka. Baba aliniuliza ninachotaka, nikasema, akanipa. Wewe umewafanya wanafunzi wako wamwone baba yetu kama mtu aliyekuwa na mizani. Hilo limeniuma kuliko hata ile C.

Sasa njoo kwenye siku ya basi. Kulia nililia, sikatai, na vumbi lilikuwepo. Ila nilikuwa nakulilia wewe. Ulikuwa umevaa lile koti la kuazima, unanipungia mkono dirishani na huku unajikaza uso kama mwanamume, nami nikajua sina tena wa kunichokoza. Basi. Katika majibu manne ya lile swali lako jingine, kwa nini dada alilia, hakuna hata moja linalosema kwamba dada alilia kwa sababu kaka yake anaondoka. Nimelitafuta mara mbili nikidhani kamusi imenidanganya.

Na zile alizeti? Nilikuwa nimepanda kwa kuchelewa, kwa hiyo wenzangu walikuwa wameshauza na mimi bado nina vichwa vimejaa uani. Gari la kwenda mashineni lilikuwa linapita kesho yake asubuhi. Nilirudi kutoka barabarani nikafuta uso nikashika fimbo. Nilipiga kwa nguvu kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu kila punje iliyoruka nje ya turubai ilikuwa yangu, nikaifuata na kuiokota. Mama alinikuta naimba.

"Kaka yako ameondoka, wewe unaimba?"

"Mama, hebu angalia hizi."

Akainama, akachota kiganja, akapuliza makapi, akazigeuzageuza. Zilikuwa nyeusi, zimejaa. Akachukua fimbo ya pili, tukapiga pamoja mpaka jua likazama. Jua tu ndilo ulilopatia.

Sisemi sikutamani kuendelea na shule. Mpaka leo nikimwona mwalimu wa kike amebeba madaftari anavuka barabara, moyo unageuka kidogo, halafu unarudi mahali pake. Kutamani hakujanizuia kuipenda hii niliyonayo. Nina duka langu la mafuta hapa barabarani, na mashine ya kukamulia iko nyuma yake. Nina baba Neema, ambaye leo kafua nepi zote bila kuambiwa na sasa anataka kila mtu ajue. Kile kipande cha korongoni nilipoolewa nilikwenda kukirudisha kama nilivyoahidi, baba akakataa kukipokea, akasema atakipokea siku nitakapokuja na mawe yake ya mpaka kichwani. Nimechoka, ndiyo. Nimechoka kama mtu mwenye watoto wawili na wateja. Mtu wa hivyo haandikiwi habari ya kuliza darasa. Na Neema nitamsomesha mpaka aseme yeye mwenyewe, "Mama, inatosha," na akisema inatosha nitamuuliza anataka nini badala yake, kama nilivyoulizwa mimi.

Kwa hiyo nakuomba, na mimi nikikuomba unajua maana yake, kabla kitabu hakijakwenda kuchapwa irudie hiyo habari. Mrudishe baba mahali pake. Uandike kwamba msichana aliomba shamba akapewa. Anapoulizwa kwa nini anaipiga alizeti, waandikie wazi: kwa sababu imekauka. Zawadi wasikusanye, waambie asante. Najua uliandika kwa mapenzi. Najua pia kwamba tangu uondoke unajiona una deni, kama vile siti yako kwenye lile basi uliichukua kwangu. Hukuichukua, kaka. Mimi nilikuwa na kazi nyumbani. Hiyo huzuni uiweke chini, na usiwape watoto wa watu waibebe. Ukishindwa kuirudia habari, itoe kabisa, uweke ya twiga.

Yule binti nilimjibu. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba sina huzuni, kwamba ndani ya ua lile kuna mbegu, mbegu hazitoki mpaka upige, zikitoka tunakamua mafuta, mafuta nauza, nakula na wanangu. Ukampelekea. Na jana ukanirudishia sauti yake, sidhani kama ulikaa ukaisikiliza. Kwanza wanasikika wenzake nyuma wanacheka chinichini. Halafu anauliza kama mafuta hayo yananukia wakati wa kukamua.

Sikiliza hilo swali, kaka. Hakuna aliyemzungushia majibu manne. Ameacha kunililia, ametaka kujua. Liweke mwisho wa habari yangu, ubakishe nafasi chini yake, kila mtu ajaze anavyodhani. Yeye mwambie yananukia, tena sana, kama karanga zinazokaangwa nyumba ya jirani nawe hujala. Siku ya kukamua abiria wanafungua vioo vya basi wenyewe, wananiuliza bei kabla basi halijasimama.

Huyu ameamka, ananivuta nywele. Kula ushibe, vaa nguo nzito, ukipiga simu uongee na baba kwanza.

Mdogo wako akupendaye, mama wa wapwa zako.