Vidole vya Fawaz Sokoni Tibeti

Al Ras, Deira,
Dubai.
Alhamisi, 16 Mei 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Ikhlas,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Vipi magoti, na sikio lile la kushoto? Wajukuu nao wazima? Mimi mwili u mzima, ila roho iko juu juu. Nakuandikia kwa kuwa kwa simu hunisikii, na sitaki kupiga makelele mtaa mzima ujue. Taib, jirani yetu hapa, anasafiri kuja huko leo usiku, atakuletea barua hii mkononi.

Ni habari ya ndugu yangu Fawaz. Unajua sote wawili tunauza katika duka la mawe ya pete hapa Al Ras. Mwezi huu arbab wetu, yaani tajiri mwenye duka, alimtuma Tibeti, huko milimani Uchina, akanunue feruzi, yale mawe ya samawati. Mama hajui. Nilimwambia kijana ana kazi nyingi tu.

Mwanzoni alikuwa akinipigia kila jioni, nacheka mpaka mbavu zaniuma. Soko lao liko barabarani. Mtu anajivika shanga shingoni na duka lake ndilo hilo, anatembea nalo. Akina mama wanauza jibini gumu lililotungwa kama tasbihi, watawa wa mashuka mekundu wanabishania bei ya viatu, na pikipiki zinapita katikati ya watu. Chai yao ina siagi na chumvi. Fawaz, kwa kuogopa kuonekana hana adabu, akanywa vikombe viwili.

Na bei haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi wanaingiza mikono ndani ya mkono mmoja wa koti, wanaambiana kwa kubinyana vidole ili jirani asijue. Arbab aliposikia alifurahi sana, akasema babu yake aliuza lulu vivyo hivyo, mikono chini ya kitambaa.

Halafu nikaanza kumsikia anatafuta pumzi kati ya maneno. Mji ule uko juu mno, hewa yake haimtoshi mtu wa pwani. Namuuliza, hujambo? Sijambo. Umelala? Vizuri. Umekula? Alhamdulillahi. Si unatujua sisi, mtu yu taabani lakini salama ndiyo ya kwanza kumtoka kinywani. Nikamwambia ateremke. Akasema limebaki jiwe moja tu, khalas, anarudi.

Jana akanipigia mkalimani wake. Fawaz alikuwa na mzee mmoja wa feruzi, mikono iko ndani ya koti. Mzee akambinya vidole, akambinya tena, vidole havikujibu. Vilikuwa baridi. Akavitoa nje akaona kucha zimegeuka rangi ya zambarau. Fawaz bado anatabasamu, anasema yuko sawa, yalla waendelee. Yule mzee akaacha biashara palepale, akaita wenziwe, wakampakia kwenye pikipiki ya kubebea viazi mpaka hospitali.

Mapafu yamejaa maji. Daktari anasema dawa hasa ni kumteremsha, na barabara ya kuteremkia imefunikwa na mawe yaliyoporomoka. Amewekewa oksijeni, wanangoja njia ifunguliwe.

Naogopa, Mama Mkubwa. Al Ras haimngoji mtu: mahamali wanasukuma mikokoteni, watalii wanauliza zafarani, na mimi nimeshika simu hata nikipima mawe. Leo nimempa mteja akiki, mwenyewe alitaka feruzi. Simu ikilia naogopa kuipokea, isipolia ndiyo mbaya zaidi. Joweria, yule Mganda ninayekaa naye, ameniuliza kama nimekula, nikamwambia nimeshiba. Sijatia kitu mdomoni tangu jana.

Mchana huu wamemwekea Fawaz simu sikioni. Nikamuuliza hali, kwa mazoea tu. Akasema, "Arwa, mimi si mzima. Naogopa." Tangu tuzaliwe hajapata kuniambia hivyo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumtia moyo, yote yakapotea. Nikamwambia hata mimi naogopa. Nyuma yake nikawa nasikia mashine ya oksijeni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba umfiche Mama, kwa ajili ya ule moyo wake. Sasa nakuomba uende kwake. Kaa naye, mshike, umwambie kweli: Fawaz ni mgonjwa sana, yuko mbali, na njia bado imefungwa. Namba ya mkalimani nimeiandika nyuma ya bahasha. Mama ampigie saa hiyohiyo, naye atamwekea Fawaz simu sikioni. Akipona, apone akiwa ameisikia sauti ya mamake. Na kama Mungu ameandika vingine, nisiwe mimi niliyemnyima.

Nisalimie Ummi, Irshad na watoto wao, nao waambie wasome dua. Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na atufungulie ile njia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Arwa