Dhahabu ya Sahani ya Tata

Kamina, tarehe 6 mwezi wa pili 2024

Mutoto yangu Gisèle,

Wakomapo! Baridi ya Namur iko namna gani? Unavalaka soksi mbili vile nilikuambia? Huku Kamina tuko bazima, ila goti yangu ya kushoto njo inanisumbua, na mvua inalala kwetu kama mugeni asiejua kurudia.

Masœur Gloire, ule mutawa wa paroisse, anakuja kule Ubelgiji, njo nilimupa hii sahani, nilifunga mu bikwembe yangu mbili ya kuvaa. Ni ile ya tata, baba yangu, nkambo yako Mwanza, ile basoda Babeleji balimupa siku aliacha kazi ku mess ya Base, pale balikuwa banakulia, juu alibapikia miaka kumi. Alama yake unaijua: mabawa mbili na nyota katikati.

Unajua vile Yaya Mianda, dada yangu mukubwa, haniongeleshe tangu kilio ya tata. Hii ni mwaka ya sita. Mbele ya jamaa yote alininyooshea kidole: "Sahani ya tata ilikuwa na dhahabu ku mupaka wake yote. Hii haina. Kabamba aliuzisha ya kweli, akaweka ya uongo!" Minyi, mutoto yake, muizi ya tata yangu! Minyi niliemutunza mupaka alikata roho! Mupaka leo, bantu ku kisima banachekea mu mikono.

Weye unatumika kwa ule Monsieur Matthias anaeuzisha bintu ya basoda ya zamani. Muiangalie bote babili. Ni ya kweli ao ni ya uongo? Nataka jina yangu irudie mbele ya kufa.

Mama yako,
Kabamba

Namur, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mama mupendwa,

Soksi ni tatu, usiogope. Bwana yangu Dany anakusalimia. Mutoto alianza kutembea, anaangusha kila kitu, njo sahani niliiweka juu kabisa ya kabati. Ilifika muzima.

Mama, usikasirike. Monsieur Matthias aliigeuza mara moja tu, akatikisa kichwa. Anasema sahani yote ya ile mess ilikuwa na mustari ya dhahabu. Na siku hizi kuko bantu banachukua sahani nyeupe ya zamani, banabandika alama ya basoda juu, banaichoma mu furu ya moto, kisha banauzishia benye kukusanya bintu ya vita. Kwake, yetu ni moja ya hizo.

Naomba unieleze: haikutoka mu nyumba hata siku moja? Haukuiazimisha muntu?

Mutoto yako,
Gisèle

Kamina, tarehe 15 mwezi wa tatu

Gisèle,

Leo sisalimie. Sahani haikutoka hata siku moja! Kila samedi ya juma nilikuwa naisukula, naisafisha na mukono yangu mwenyewe, naikausha, nairudisha pa nafasi yake. Kama weye, niliekubeba ku mugongo, unaniuliza vile, basi Yaya Mianda alishinda. Rudisha sahani kwa Masœur.

Kabamba

Namur, tarehe 19 mwezi wa tano

Mama,

Wakomapo, hata kama haunijibu. Nilikuandikia mara mbili. Unisamehe. Sikukuita muizi, lakini najua vile ulisikia.

Sahani sikurudisha. Nilisoma tena barua yako, nikaipeleka ku dirisha na loupe, kile kioo ya kukuza. Alama ya kubandika inaonyeshaka vitone vidogo vidogo kama picha ya gazeti. Yetu haina hata kimoja, ni rangi ya burashi. Kisha mikwaruzo ya visu inapita juu ya nyota mupaka ku mabawa, moja huku, ingine kule, vile bantu banakulaka kweli. Muongo anakwaruza yote upande moja, juu ana haraka. Na chini, pale sahani inakaliaka, kulikuwa weusi ya miaka mingi.

Kisha niliiinamisha. Mama, nilipiga kelele! Ku mupaka yote kuko mustari isiyong'aa, mupana kama kidole ya mutoto. Na karibu na pembe ya bawa, mavumbi ya dhahabu, kiloko, kidogo sana. Monsieur Matthias aliangalia muda murefu. Akauliza: "Mama yako anasukulaka na nini?"

Nikaanza kucheka, nikaanza kulia. Na majivu, Mama! Majivu na muchanga, vile nilikuonaka kila samedi!

Sahani ni ya kweli. Haukuuzisha kitu. Lakini dhahabu, Yaya Mianda hakusema uongo: ilikuwako, na ni mikono yako ilimaliza. Patron yangu anasema anaweza kutia ingine mupya. Mbele ya yote, uende umuambie Yaya weye mwenyewe. Na mudomo, hapana na barua.

Mutoto yako anaekupenda,
Gisèle

Kabondo-Dianda, tarehe 4 mwezi wa munane

Mutoto yangu Gisèle,

Utashangala kuona hii mwandiko. Uko muzima? Bwana na mutoto banakula muzuri? Siye huku tunashukuru Mungu.

Kabamba alifika juzi na pikipiki, mavumbi mupaka mu meno. Hakusalimia, hakukaa. Alisimama pa mulango: "Yaya, sahani ni ya tata. Dhahabu ni minyi niliimaliza na majivu. Unihukumu sasa." Na akanipa barua yako.

Niliisoma mupaka mwisho. Gisèle, mbele ya kuolewa, minyi njo nilikuwa nasukula ile sahani. Na nini? Na majivu! Kabamba alikuwa mudogo, nilimushika mukono, nikamuonyesha: sugua nguvu, mupaka tata ajione ndani. Minyi nilimufundisha, kisha minyi nikamuita muizi mbele ya bantu. Miaka sita! Haya ilinishika, nililia kama mutoto. Nilimuomba masamaha na magoti chini, naye akanikemea niamuke, eti nachafula kikwembe.

Dimanche tunaenda Kamina siye babili. Kisha misa nitasimama mbele ya jamaa na bantu ya kisima, niseme vile ilikuwa.

Patron yako asitie dhahabu ingine. Utume sahani vile iko.

Leo tulikula bukari ya bunga ya mahindi na samaki ya Mulongo mu sahani moja. Kichwa nilimuachia. Alikula yote, hakuniachia hata jicho.

Mama yako mukubwa,
Mianda